Abeid, Weka Mkono Hapo

Aliyelikosa gazeti la wiki jana asiondoke. Nitamsogezea kiti, nimweleze kwa kifupi.

Jina langu Editha. Nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja ya binafsi huko Mkuyuni, kwenye barabara ya Matombo. Mwaka jana shule ilinituma Morogoro mjini kununua kompyuta, nikarudi na ishirini. Zinang'aa, zina nembo ya kampuni kubwa usoni. Aliyeniuzia ni Abeid, mwenye duka la vifaa vya umeme, mtu wa sauti ya chini na tabasamu lisiloisha.

Kompyuta zile hazikuwa za kampuni yoyote. Zilikuwa za kuunga. Kava la huku, bodi ya kule, nembo ya kubandika.

Siku ya wazazi, darasa limejaa wageni, moja ikaanza kutoa moshi. Nikamwambia mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, Zuhura, achomoe waya. Akapeleka mkono nyuma ya mashine.

Ikalipuka.

Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vimeshikana mpaka leo. Shule ikanisimamisha kazi. Abeid akasema umeme wa Mkuyuni ndio mbovu, akaendelea kuuza. Nami nikaapa kwamba nitamwona akilia kwa macho yangu haya.

Wiki tatu zote nimekuwa nikiwaambia, wasomaji wangu, kwamba Abeid alinidanganya. Kwamba sikujua ninachokinunua.

Sasa sikieni yaliyotokea.

* * *

Juliana nilisoma naye chuo cha ualimu. Aliachana na chaki mapema, akafungua kituo cha kufundisha kompyuta kule Kihonda. Nilipomweleza ninachotaka, aliweka kikombe cha chai chini.

“Yaani nimwagize Abeid kompyuta?”

“Thelathini. Mwambie unazitaka mpya, za kiwandani. Na aje azionyeshe mwenyewe mbele ya wazazi, siku unayofungua darasa jipya.”

“Na akija?”

“Akija niachie mimi.”

“Editha, we unataka haki au unataka kumla nyama?”

“Vyote viwili.”

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. “Na huyo mtoto? Nasikia unataka kumleta.”

“Lazima awepo. Nataka Abeid auone ule mkono.”

“Mtoto si wa kuonyeshwa watu kama bidhaa, shoga.”

“Mama yake amekubali.”

“Mama yake amekubali kwa sababu anakuamini wewe.”

Neno hilo lilinichoma, lakini nililipita. Nilikuwa na miezi saba ya chuki kifuani. Nilikuwa nalala nayo, naamka nayo. Nikipita mbele ya duka la Abeid nilikuwa nasimama upande wa pili wa barabara, nawahesabu watu wanaotoka na maboksi, nasema moyoni, haya, chekeni tu.

Juliana akapiga simu mbele yangu. Abeid hakuuliza maswali mengi. Thelathini ni thelathini.

* * *

Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi wa Juliana ulikuwa umejaa. Wazazi, wanafunzi, mtendaji wa mtaa ameketi kiti cha mbele na suti yake. Fundi Rashidi, kijana mpole anayetengeneza kompyuta pale kituoni, alikuwa amesimama ukutani na bisibisi mfukoni kama nilivyomwagiza.

Mama yake Zuhura, Bi Hidaya, alifika na binti yake kutoka Mkuyuni. Bi Hidaya anauza ndizi na mdalasini sokoni. Alikuwa amebeba ndoo ndogo, imefunikwa kwa jani la mgomba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Hizi ndizi zako. Umehangaika sana kwa ajili ya mwanangu.”

Nikapokea. Zuhura alikuwa nyuma yake, mkono wa kulia umefungwa ndani ya kanga.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, Zuhura. Masomo?”

“Naandika kwa kushoto sasa. Mwandiko mbaya, lakini unasomeka.”

Aliyasema bila kulalamika. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani kwangu. Nikazidi kupata hasira, nikatafuta pa kuipeleka, na hapo hapo Abeid akaingia.

Alikuwa na vijana wanne wamebeba maboksi. Akasalimia wazee mmoja mmoja, akampa mkono mtendaji. Kisha akaniona.

“Mwalimu Editha! Kumbe na wewe umealikwa?”

“Mimi ndiye niliyekualika.”

Tabasamu lilibaki pale pale, macho ndiyo yaliyobadilika. Akatazama nyuma yangu, akamwona Zuhura na ile kanga.

“Naomba tuongee, mwalimu. Dakika mbili tu.”

Tukatoka kwenye korido.

* * *

Hakupandisha sauti. Abeid hapandishi sauti. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi moja iliyohifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni.

“Unaukumbuka mwandiko huu?”

Ulikuwa wangu.

*Mimi Editha nimeelezwa na muuzaji kuwa kompyuta hizi zimeungwa dukani kwake. Nembo zimebandikwa. Hazina dhamana ya kiwanda. Zisiwashwe zaidi ya tano kwa wakati mmoja. Nimezikubali.*

Chini yake, sahihi yangu. Na tarehe.

“Nakala hakuna,” alisema Abeid. “Ni hii tu, natembea nayo tangu mtoto aungue. Sasa nisikilize, dada yangu. Mimi nitaingia pale, nitasema mzigo umechanganywa, nitapakia maboksi yangu, nitaondoka. Karatasi nitaichana mbele yako. Kila mtu na maisha yake.”

“Na nisipokubali?”

“Nitampa yule mama mwenye ndoo.”

Wasomaji wangu, niliwadanganya.

Nilijua.

Siku ile dukani kwake, Abeid aliniambia kwa kinywa chake kwamba kwa fungu tulilonalo nitapata kompyuta sita za kweli. “Sita, mwalimu. Lakini ukitaka ishirini, ninazo za kuunga. Zinafanana, hakuna atakayejua. Ila uniandikie.”

Nafasi ya makamu mkuu wa shule ilikuwa wazi. Niliwaona wajumbe wa bodi wakiingia darasani na kukuta kompyuta sita. Kisha nikawaona wakikuta ishirini. Nikaomba kalamu.

Niliandika huku nacheka. Nakumbuka nilicheka.

Miezi mitatu niliwasha tano tano. Wanafunzi wakiuliza, nawaambia umeme wetu ni mdogo. Zilikuwa zinazima zenyewe katikati ya kazi. Zilikuwa zinapoteza mafaili. Kazi nzima ya muhula ya kidato cha nne iliyeyuka siku moja, nikawaambia hawakuihifadhi vizuri. Nikawapa adhabu, wakafyeka nyasi.

Ikaja siku ya wazazi. Mwenyekiti wa bodi yupo, mpiga picha yupo. Kompyuta tano zinazowaka kati ya ishirini zisingenipa cheo. Nikawasha zote.

Na moshi ulipoanza, nilijua kabisa ni moshi wa nini. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na ile mashine. Lakini nilimwita Zuhura.

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Sikuliungama hata kwa padri.

Basi mtu mwenye akili angesema sawa, Abeid, nenda. Na mimi nilifungua kinywa niseme hivyo. Lakini nikamwona anaikunja ile karatasi polepole, anairudisha mfukoni, anaupapasa mfuko kwa kiganja. Amenimaliza. Anarudi zake dukani, na Jumatatu anamuuzia mwalimu mwingine.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaona bora tuangamie wote kuliko huyu mtu atoke pale akitabasamu.

“Umemaliza?” nilimuuliza.

“Nimemaliza.”

“Haya, twende ndani.”

Alidhani nimekubali.

* * *

Kabla Abeid hajasema neno, Juliana alikuwa ameshamkaribisha mbele. Vijana wa Abeid walikuwa wamekwisha toa kompyuta moja kwenye boksi, wameichomeka na kuiwasha. Skrini ikawaka buluu nzuri. Wazazi wakapiga makofi.

Abeid alinitupia jicho. Nilikuwa nimesimama kimya, mikono mbele. Akakohoa.

“Ndugu wazazi, habari za asubuhi. Kuna tatizo dogo la mzigo, kwa hiyo…”

“Samahani,” nilisema. Nikapanda mbele. “Mimi ni mwalimu Editha. Nina ombi moja tu kwa muuzaji. Zuhura, njoo mwanangu.”

Zuhura alimtazama mama yake, akaja. Nikaifungua kanga mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele ya watu wote.

Watu wa nyuma walisimama ili waone.

“Mkono huu umeunguzwa na kompyuta iliyotoka duka la Bwana Abeid. Ilikuwa na nembo kama hii. Inang'aa kama hii. Yeye anasema kompyuta zake ni salama, umeme ndio mbovu. Sawa. Hapa ni Kihonda, umeme ni mzuri.” Nikageuka. “Abeid, weka mkono hapo.”

“Wapi?”

“Nyuma ya hiyo mashine. Pale pale Zuhura alipoweka. Tutahesabu mpaka sitini, halafu mimi nitakuomba radhi mbele ya watu hawa.”

Alicheka. “Mwalimu, hayo ni mambo ya kitoto.”

“Si unasema ni salama?” sauti ya mwanaume ikatoka nyuma. “Weka tu, bwana.”

“Weka mkono!”

“Weka!”

Wakaanza kupiga meza. Abeid akapeleka mkono. Mashine ilikuwa inanguruma kwa ndani, feni inakwaruza. Mkono ukafika karibu na lile tundu la waya, ukasimama. Niliona jasho limetoka juu ya mdomo, tone kwa tone.

“Moja,” nilisema.

Hakugusa. Akazunguka haraka, akazima swichi ya ukutani.

Skrini ikafa.

Mzee mmoja aliyekuwa safu ya pili akauliza taratibu, “Kama ni salama, umezima ya nini?”

“Rashidi,” nikaita, “fungua.”

Fundi Rashidi akaja na bisibisi yake. Aliikwangua nembo kwa ukucha, ikabanduka kama stika ya daftari, chini yake kuna nembo nyingine iliyofutwafutwa. Akafungua kava. Akalitoa kasha la kuingizia umeme, akalipima mkononi.

“Kizito,” alisema. Akalifungua. “Wazee, tazameni wenyewe.”

Ndani mlikuwa na kipande cha zege.

“Wameweka ili mtu akibeba aone ni kitu cha maana. Na hapa palitakiwa pawe na fyuzi. Hakuna. Wameunganisha waya mtupu.” Akafungua na diski. “Na humu mna kadi ya kumbukumbu, ile ya simu, imegandishwa kwa gundi. Ikijaa kidogo tu, inaanza kula mafaili ya zamani.”

Wazazi wakalipuka wote kwa pamoja. Mtu akaenda kusimama mlangoni. Mtendaji wa mtaa akatoa simu, akapiga polisi. Vijana wanne wa Abeid wakayaacha maboksi, wakapita dirishani.

Nitasema kweli, kwa kuwa leo nimeamua kusema kweli. Nilifurahi. Nilimwona Abeid amebanwa ukutani na akina mama, shati limetoka kwenye suruali, na nilitamani jasho lake nilikinge kwenye chupa nikaliweke kabatini. Nilimsogelea ili anione vizuri.

“Mungu hakusahau, Abeid,” nilimwambia.

Akaniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alipandisha sauti.

“Hajakusahau na wewe!”

* * *

Alijipenyeza kati ya watu mpaka kwa Bi Hidaya. Akamwekea karatasi mkononi.

“Mama, kabla hujanilaani mimi, soma hiyo. Halafu muulize mwalimu wako.”

Nilishika ukingo wa meza.

Bi Hidaya aliigeuza karatasi huku na huku, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

“Maandishi madogo haya siyaoni. Zuhura, hebu soma.”

“Mama Zuhura,” nilisema, “hebu mimi nikusomee.”

“Acha mtoto asome, mwalimu. Si ndiye uliyemfundisha?”

Zuhura akaipokea kwa mkono wa kushoto. Hakuhitaji kutafuta ni mwandiko wa nani. Miaka mitatu ameusoma ubaoni. Niliona macho yake yanateremka mstari kwa mstari. Yakafika chini. Yakapanda tena, yakasimama mahali pamoja, yakakaa hapo.

Nilijua ni mstari gani. *Zisiwashwe zaidi ya tano.*

Juliana alikuwa ananitazama. Nadhani alielewa kabla ya wengine wote, maana aliweka mkono mdomoni.

“Inasemaje?” aliuliza Bi Hidaya.

Zuhura akainua uso. Hakumtazama mama yake, alinitazama mimi.

“Hamna kitu, mama. Ni risiti.”

“Risiti ya nini?”

“Ya kompyuta za shule. Basi.”

“Anaongopa!” Abeid alipiga kelele. “Mtoto anaongopa! Soma vizuri wewe!”

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mama mmoja akamzaba kibao kilichosikika mpaka barabarani.

“Umemuunguza, halafu unamwita mwongo? Huna haya!”

Wakamfunika. Polisi walipofika walikuta kazi ya kumtoa mikononi mwa watu. Akapelekwa kwenye gari miguu peku, anapiga kelele karatasi, karatasi, wasikilize karatasi. Watu wakacheka. Hakuna aliyemwamini. Miezi saba nilikuwa nimeomba siku hiyo, na ilikuja kama nilivyoiomba, na mimi nilisimama mlangoni nikimtafuta Zuhura kwa macho.

Bi Hidaya alinishika mikono yote miwili. Alikuwa analia.

“Mungu akulipe, mwalimu. Akulipe kwa kila ulichomfanyia mwanangu.”

Nikaitikia, “Amina.” Ningesema nini?

Akaenda kutafuta ndoo yake. Zuhura akabaki. Alikuwa ameikunja ile karatasi kwa mkono mmoja, akiibana kwa kidevu, ikawa ndogo kabisa. Akaitia kwenye soksi.

“Zuhura,” nilianza, “mwanangu, nipe hiyo nikueleze…”

“Ile siku uliniambia nichomoe waya.” Sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya mwanafunzi anayeuliza swali. “Ulikuwa umesimama karibu kuliko mimi. Nilijiuliza sana hospitalini. Nikasema labda mwalimu hakuona.”

Niligeuka kutazama kama mama yake anatusikia.

“Uliona?” aliuliza.

“Zuhura…”

“Niliogopa wangemwachia Abeid wakikugeukia wewe,” alisema. “Nilitaka na yeye aende. Kwa hiyo nimesema risiti.”

Nyuma yetu Bi Hidaya aliita, “Zuhura! Muage mwalimu, twende, tutachelewa gari!”

“Nakuja, mama.”

Akajifunga kanga yake upya juu ya mkono, polepole, akitumia meno kukaza fundo. Nilitaka kumsaidia, akarudi hatua moja nyuma.

“Abeid nimeshamaliza naye, mwalimu,” alisema. “Wewe bado sijaamua.”